Dalali anasema Tudor, fundi anasema Kifaransa: nyumba yetu ni ya mtindo gani?

Swali: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba viungani mwa Cleveland, Ohio. Hati zinasema ilijengwa mwaka 1928. Dalali aliiandika "Tudor", lakini fundi aliyekuja kukagua paa akasema hii ni nyumba ya Kifaransa. Kuta ni za tofali. Paa ni refu, lina mteremko mkali pande zote nne. Mlango una tao na uko kwenye mnara mdogo wa mviringo wenye paa la umbo la pia (koni), na ndani ya mnara ndimo ngazi zinamopanda. Juu ya gereji kuna kipande cha mbao za kahawia na lipu nyeupe. Jirani wa kushoto ana nyumba nyeupe yenye mlango katikati, wa kulia ana nguzo kubwa mbele. Zote tatu zinaitwa "za kihistoria". Mtu anajuaje mtindo wa nyumba? Na kuna faida gani kujua, maana tunataka kubadilisha madirisha?

Jibu: Dada, fundi wa paa yuko sahihi, na sababu ni kwamba alikuwa anatazama paa. Dalali alitazama zile mbao za kahawia juu ya gereji. Katika biashara ya nyumba ya Marekani, mbao za kahawia kwenye lipu nyeupe huandikwa Tudor, yaani mtindo wa Kiingereza, bila swali la pili. Nyumba uliyonieleza ni ya Kifaransa, ya kundi lililojengwa kati ya mwaka 1915 hivi na 1945, na hizo mbao ni za kuazima. Dalali amekutajia shati, hajakutajia aliyelivaa.

Kabla sijafika kwenye nyumba yako, niseme neno "ufufuo", ambalo nyumba kama hizi zenu huitwa kwalo, lina maana gani, kwa sababu mkanganyiko wote unaanzia hapo. Nyumba ya ufufuo ni nyumba ya zama moja iliyovishwa sura ya zama nyingine. Kwa hiyo ina tarehe mbili: tarehe ya sura na tarehe ya mifupa. Sura ya nyumba yako inataka kuonekana kama jumba la shambani huko Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, karne kadhaa zilizopita. Mifupa yake ni ya Ohio mwaka 1928: ina gereji, bafu, nyaya za umeme, na pengine tofali zake ni ganda jembamba lililopachikwa mbele ya fremu ya mbao. Ukitaka kuutambua mtindo wa ufufuo, tafuta mahali tarehe hizo mbili zinapogongana. Pale mjenzi aliposhindwa kuiga, au alipoamua kutoiga, ndipo nyumba inapokuambia imezaliwa lini.

Mpangilio wangu wa kutazama hauna siri. Nasimama ng'ambo ya barabara, natazama umbo zima na paa. Kisha navuka, natazama milango na madirisha. Nakshi naziacha mwisho kabisa. Nakshi ni rahisi kuongeza na rahisi kung'oa. Kubadilisha umbo la paa ni gharama kubwa, na wenye nyumba wachache huthubutu, kwa hiyo mara nyingi paa ndilo lililobaki kama mjenzi wa kwanza alivyoliacha.

Sasa paa lako. Nyumba ya Tudor ya Marekani hujengwa kuzunguka pembetatu ya paa, yaani ile sehemu ya ukuta inayobaki pale paa la miteremko miwili linapoishia. Kuna angalau moja kubwa inayotazama barabara, mara nyingi mbili, moja ikiwa imeingia ndani ya nyingine, na zinatawala uso wa nyumba. Nyumba ya Kifaransa ya zama zile zile ina paa refu la miteremko minne, na mbele haina pembetatu kubwa. Chini, karibu na upenu, paa hujikunja kidogo kuelekea nje kama pindo la gauni. Madirisha ya juu mara nyingi hukata ukingo wa paa, nusu yakiwa ukutani na nusu yakiwa yamepanda juu yake. Ukiona na mnara wa mviringo wenye paa la pia, mlango ukiwa mguuni mwake na ngazi tumboni mwake, hapo hakuna ubishi.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mitindo hii miwili ilinunuliwa na familia za aina moja, ikajengwa na mafundi wale wale, kwa tofali zile zile. Yote inapenda mteremko mkali, dohani nene, mlango wenye tao na madirisha ya bawaba yenye vioo vidogo vilivyoshikwa kwa vipande vya madini ya risasi. Na Normandy yenyewe ina nyumba za fremu ya mbao inayoonekana, kwa hiyo mchoraji wa Ohio alipoweka kipande hicho juu ya gereji hakuwa anatunga uongo. Ndiyo maana nakuomba usianze na mbao.

Lakini mbao hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu, maana zinafundisha. Katika nyumba halisi ya Kiingereza ya zama za ukoo wa Tudor, uliotawala 1485 hadi 1603, nguzo na mihimili ya mwaloni ndiyo iliyobeba nyumba. Iliunganishwa kwa vigingi vya mbao, na nafasi kati ya mhimili na mhimili ikajazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Hakuna nguzo iliyonyooka sawasawa na mwenzake, kwa sababu mti haukuota hivyo. Katika nyumba ya mwaka 1928, ubao mwembamba umepigiliwa juu ya ukuta uliokwisha kusimama, na lipu imepakwa katikati. Gonga kwa kidole, kisha tazama pembeni uone unene wa ubao. Tazama pia kama mbao zinaelekea kubeba kitu. Mara nyingi utaona nguzo inayoanzia hewani au mshazari usiokaza chochote. Hata ile rangi nyeusi kabisa juu ya nyeupe ilienea zaidi katika karne ya 19. Mwaloni mwingi wa awali uliachwa ukawa wa kijivu.

Na jina lenyewe, Tudor, limenyooshwa kupita kiasi. Mtindo huu ulipata nguvu Uingereza kupitia msanifu Richard Norman Shaw, aliyejenga nyumba kubwa za mashambani kuanzia miaka ya 1860 kwa kuchanganya vijiji vya Sussex na Kent na mawazo yake mwenyewe. Marekani iliupokea mapema: nyumba ya Watts Sherman huko Newport, Rhode Island, iliyochorwa na ofisi ya Henry Hobson Richardson na kujengwa kati ya 1874 na 1876, tayari ina mbao hizo ukutani. Lakini kwa miaka mingi ulibaki mtindo wa matajiri. Kuujenga kwa tofali au jiwe kulihitaji kuta nene na mafundi wengi. Kilichoufikisha kwenye mitaa ya watu wa kipato cha kati ni mbinu iliyoenea miaka ya 1920: unasimamisha fremu ya mbao kama ya nyumba yoyote, halafu unaivika mbele safu moja tu ya tofali au jiwe. Ghafla ngome ya Kiingereza ikawa ndani ya uwezo wa meneja wa benki.

Unaweza kuijaribu hiyo nyumbani kwako leo. Tazama tofali zilivyolala. Ukuta mnene wa tofali tupu huhitaji tofali nyingine zilazwe kwa kuvuka, kichwa kikitazama nje, ili zifunge safu ya mbele na ya nyuma. Utaviona vichwa vifupi vikijirudia, pengine kila mstari wa sita au wa saba. Ukiona tofali ndefu tupu toka msingi hadi upenu, yaelekea una safu moja tu na nyuma yake ni fremu ya mbao. Hii si aibu kwa nyumba. Ni tarehe yake ya pili inajitaja.

Tukirudi kwa Wafaransa, mtindo huo pia ulianza juu ukashuka. Richard Morris Hunt, Mmarekani wa kwanza kusoma katika shule kuu ya sanaa ya Paris, alimjengea tajiri George Vanderbilt jumba la Biltmore huko Asheville, North Carolina, likafunguliwa mwaka 1895 na vyumba takriban 250. Sura yake ni ya majumba ya kifalme ya bonde la Loire. Hakuna mtu wa kawaida aliyeweza kuiga kitu kama hicho. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyobadilisha kipimo. Wanajeshi wa Kimarekani, wakiwemo wasanifu vijana, waliziona nyumba za mashambani za Ufaransa kwa macho yao, na picha zake zikajaa magazetini. Nyumba ya mkulima, tofauti na jumba la mfalme, ilitosha kwenye kiwanja cha kiungani. Nyumba yako ni mjukuu wa safari hiyo.

Kwa upande wenu wa Cleveland kuna sababu ya ziada ya mitindo mitatu kukaa bega kwa bega. Ndugu wawili, Oris na Mantis Van Sweringen, waliojenga kitongoji cha Shaker Heights, waliwapa wanunuzi wa viwanja mwongozo wa usanifu katika miaka ya 1920. Nyumba ilitakiwa ichorwe na msanifu, na mitindo iliyokubalika ilikuwa ya Kiingereza, ya Kifaransa na ya Kikoloni. Tazama nyumba yako na ya jirani wa kushoto, kisha utafute mwenye pembetatu kubwa mtaani: orodha nzima utaikuta imesimama, na vitongoji vya jirani vilifuata ladha hiyo hiyo. Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu ni sehemu ya historia ya sura hizi. Kampuni hiyo hiyo iliweka katika hati za viwanja sharti kwamba nyumba isiuzwe bila idhini, na sharti hilo lilitumika kuwazuia Weusi na Wayahudi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza mahakama kutekeleza masharti ya ubaguzi wa rangi kwenye hati za nyumba mwaka 1948. Ukipata hati za zamani za kiwanja chako, zisome zote. Mtindo uliochaguliwa kuonyesha asili ya Kiingereza au ya Kifaransa ulikuwa unamwambia mtu nani anatarajiwa kukaa humo, na leo mnakaa ninyi.

Jirani wa kushoto sasa. Nyumba nyeupe, mlango katikati, madirisha yamepangwa sawa kulia na kushoto: huu ni ufufuo wa Kikoloni. "Kikoloni" hapa maana yake ni makoloni 13 ya Uingereza kwenye pwani ya mashariki kabla ya 1776, hasa nyumba zilizojengwa wakati wa wafalme watatu wa kwanza walioitwa George, pamoja na zile za miaka michache baada ya uhuru. Ndio mtindo uliodumu kuliko yote. Ulichochewa na maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, taifa lilipotimiza miaka mia. Mwaka uliofuata wasanifu vijana McKim, Mead na White, pamoja na mwenzao Bigelow, walizunguka miji ya zamani ya New England wakichora nyumba zake. Kisha kuanzia 1926 tajiri John D. Rockefeller Jr. akagharamia ukarabati wa mji mzima wa Williamsburg, Virginia, na nchi nzima ikataka mlango kama ule.

Jinsi ya kutofautisha nyumba ya Kikoloni ya mwaka 1770 na mjukuu wake wa 1925 ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Hesabu madirisha. Katika nyumba ya awali kila dirisha husimama peke yake; ukiona mawili yamebanana, au matatu, au dirisha lililochomoza nje chini, uko karne ya 20 au karibu nayo. Tazama vioo. Mjenzi wa karne ya 18 hakuwa na vioo vikubwa, kwa hiyo fremu ya juu na ya chini zote zina vioo vidogo vingi, tisa juu na tisa chini, au kumi na viwili kwa kumi na viwili. Mjenzi wa 1925 alikuwa na kioo kikubwa, akaweka vioo vidogo juu kwa ajili ya sura, na chini kioo kimoja kipana kwa ajili ya kuona nje. Hapo tarehe mbili zinagongana ndani ya fremu moja! Tazama ubavuni: ukuta wa pembeni ukiwa na kibaraza cha vioo cha kuotea jua, hicho ni cha zama za ufufuo. Tazama mlango: nguzo zake na pembetatu ya mapambo iliyovunjika juu huwa kubwa kuliko nyumba inavyohitaji, kana kwamba mjenzi alikuwa na jambo moja tu la kukumbuka akalitamka kwa sauti.

Halafu shata za dirisha. Shata halisi ina upana wa nusu ya dirisha, ili mbili zikifungwa zilifunike lote, na ina bawaba. Ukiona shata nyembamba zilizopigiliwa ukutani kando ya dirisha pana, hizo hazijawahi kufunika chochote. Nyumba nyingi za baada ya Vita vya Pili ziko hivyo, wakati mtindo ulipokuwa umepunguzwa hadi mlango, shata na ukumbusho.

Kuna watoto wengine wa familia hii. Paa lililovunjika likawa na miteremko miwili kila upande, kama la ghala la shambani, ni la Kiholanzi. Likiwa na dirisha moja refu la darini linalotambaa karibu urefu wote wa paa, ni la ufufuo, kwa sababu mkulima wa Kiholanzi wa bonde la Hudson, New York, hakuhitaji vyumba vitatu vya kulala juu. Nyumba ndogo ya orofa moja na nusu yenye paa la miteremko miwili lisilo na upenu ni ile ya Cape Cod, ambayo msanifu Royal Barry Wills wa Boston aliieneza sana.

Jirani wa kulia ananipa shida, kwa sababu "nguzo kubwa" zinaweza kuwa vitu viwili vilivyoachana kwa miaka sabini. Ufufuo wa Kigiriki ulitawala kati ya 1825 na 1860 hivi. Msanifu William Strickland alikuwa amekamilisha Benki ya Pili ya Marekani huko Philadelphia mwaka 1824 kwa mfano wa Parthenon, hekalu la kale la Athens, Wagiriki walikuwa vitani kudai uhuru wao tangu 1821, na Wamarekani walijiona ndugu zao. Kaskazini-mashariki mwa Ohio kumejaa nyumba hizo, nyingi bila nguzo hata moja: pembetatu ya paa inatazama barabara kama hekalu, chini ya upenu kuna mkanda mpana wa mbao bapa, na mlango umezungukwa na vioo vyembamba vilivyonyooka juu na pembeni. Kundi la pili ni la Kiklasiki la 1895 hadi 1950, lililotokana na maonyesho ya Chicago ya 1893 na majengo yake meupe. Hapo nguzo hupanda orofa mbili, vichwa vyake vina majani au mizunguko, na nyumba ya nyuma yake ni pana na yenye starehe.

Swali la kumuuliza jirani ni moja: juu ya mlango kuna tao? Mahekalu ya Kigiriki hayakuwa na matao, na wajenzi wa 1840 walilijua hilo, wakaufanya mlango uwe na kichwa bapa. Tao la kioo lenye miale kama kipepeo cha mkono linakuondoa kwenye Ugiriki moja kwa moja.

Lakini tahadhari, nguzo huhama. Mwanzoni mwa kazi yangu ya kuorodhesha nyumba za zamani niliandika nyumba moja kuwa ya Kigiriki ya miaka ya 1840 kwa sababu ya nguzo nne nzuri za mbele. Mwenye nyumba aliniruhusu kuingia chini ya baraza. Nikakuta misumari ya waya, ile ya mviringo tunayoijua leo. Misumari ya zamani ya kukatwa kwenye bamba la chuma ni bapa, na ile ya waya iliitoa sokoni karibu na 1890. Nyumba yenyewe ilikuwa kweli ya Kigiriki, na mlango wake ulionyesha hivyo, ila baraza na nguzo zilikuja karibu miaka sitini baadaye. Nilikuwa nimepata jina sawa kwa ushahidi usio sawa, na hilo lilinisumbua kuliko kama ningekosea jina. Tangu siku hiyo siandiki tarehe kabla sijaona darini au chini ya sakafu.

Mitindo mingine huenda usikutane nayo mtaani kwenu, ila ukisafiri itakujia. Ya Kihispania inatambulika kwa lipu, vigae vyekundu kwenye paa la mteremko mdogo, upenu mfupi sana au usiokuwepo, na matao yasiyolingana. Ilienea baada ya maonyesho ya San Diego ya 1915 ambayo msanifu Bertram Goodhue aliyachora, na Santa Barbara iliichagua kuwa sura ya mji baada ya tetemeko la tarehe 29 Juni 1925. Usiichanganye na ya Kiitalia ya zama hizo: vigae ni vile vile, lakini upenu ni mpana wenye vishikizo chini yake, na uso umelingana kulia na kushoto. Ukuta wa mbele ukiinuka juu ya paa kwa mkunjo kama wa kanisa la misheni, hiyo ni ya Misheni. Na paa bapa, kona za mviringo na boriti zinazochomoza ukutani ni mtindo wa Pueblo wa Santa Fe. Kigothi ni cha zamani zaidi, 1840 hadi 1880 hivi: paa kali, dirisha lenye tao la ncha, na mbao za ukingo wa paa zilizotobolewa nakshi kwa msumeno.

Jina moja nakuomba usilifuate kabisa: Malkia Anne. Nyumba zile za miaka ya 1880 na 1890 zenye minara, baraza zinazozunguka na vigae vya mbao vya maumbo mengi hazina uhusiano wowote wa maana na malkia aliyetawala Uingereza 1702 hadi 1714. Jina lilitoka kwa kundi la Norman Shaw likavuka bahari likiwa limeshapoteza maana. Nyumba hizo zina mnara, kweli, lakini mnara huo uko kwenye nyumba ya mbao yenye baraza kubwa, na wako uko kwenye nyumba ya tofali isiyo na baraza.

Na ukishindwa kupata jina moja kwa nyumba, usiilazimishe. Wajenzi wengi hawakuwa na msanifu. Kampuni ya Sears, Roebuck iliuza nyumba kwa katalogi kati ya 1908 na 1940, mbao zikafika kwa treni zikiwa zimekatwa tayari, na wengi wa wanunuzi walipigia kura picha, si historia. Darini, ukiona herufi na namba zimegongwa muhuri kwenye makombamoyo, huenda nyumba yako ilikuja kwa treni. Kwa nyumba yenye mnara wa mviringo natarajia zaidi msanifu, na ofisi ya majengo ya mji wenu inaweza kuwa na kibali cha 1928 chenye jina lake. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo imeweka mtandaoni ramani nyingi za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, zinazoonyesha umbo la kila nyumba kwa rangi, waridi kwa tofali na njano kwa mbao.

Sasa madirisha, maana hapo ndipo jibu langu linagusa mfuko wako. Madirisha ya bawaba yenye vioo vidogo vilivyoshikwa kwa risasi ndiyo yanayoipa nyumba ya Kifaransa uso wake, kwa sababu ukuta wenyewe ni mtupu. Nyumba ya jirani wa kushoto ikipoteza madirisha bado itabaki na mlango wake. Yako ikiwekewa madirisha ya kupandisha na kushusha, itabaki tofali na paa. Kwa hiyo kwanza uliza gharama ya kuyatengeneza: fremu za chuma au mbao za zama hizo zilijengwa zifunguliwe na kukarabatiwa kipande kwa kipande. Baridi inaweza kupunguzwa kwa dirisha la pili la kioo linalowekwa kwa ndani, ambalo halionekani barabarani. Ikiwa lazima kubadilisha, shikilia mambo mawili: yabaki ya bawaba, na vigawanyo viwe juu ya kioo, viwe na kina na kivuli. Vigawanyo bapa vilivyofungiwa kati ya vioo viwili hutambulika hata mtu akiwa ng'ambo ya barabara.

Kabla ya kuagiza, uliza halmashauri ya mji kama mtaa wenu umetangazwa wa kihistoria na mji wenyewe. Kuwa kwenye Rejesta ya Taifa ya maeneo ya kihistoria peke yake hakumzuii mwenye nyumba kutumia fedha zake atakavyo. Tangazo la mji linaweza kumzuia, na huenda ukahitaji kibali kabla fundi hajagusa fremu.

Mambo mawili ya haraka zaidi kuliko madirisha. Mbao za juu ya gereji, kwa kuwa zimepigiliwa juu ya ukuta, hunasa maji nyuma yake. Chukua bisibisi, bonyeza ncha za chini za kila ubao uliosimama. Ikizama, kuoza kumeanza. Na pale paa la pia la mnara linapokutana na paa kubwa kuna bonde jembamba la bati au shaba linalopokea maji ya mapaa mawili, na katika nyumba za aina yako hapo ndipo uvujaji mwingi huanzia. Fundi wako wa paa ameshaonyesha ana jicho. Mwambie arudi na aanzie hapo.